Ng'ombe wa Sadaka na Majani Yake

Ng'ombe wa sadaka naye hula majani.

Mmeusikia msemo huu Jumapili, pale kwaya ilipoletewa kinanda kipya na mzee mmoja akauliza umeme wake utalipwa na nani. Mkacheka, halafu mkaanza kuulizana: ng'ombe gani huyo, na amefuata nini kwenye kinanda? Kinanda kiacheni. Ng'ombe alikuwepo, alikuwa na madoa meusi ubavuni, na wanaotumia maneno hayo leo wengi wao hawakumwona. Kaeni basi, chanzo chake ni hiki.

Kulikuwa na usharika mdogo milimani Upareni, mahali paitwapo Kwamrindo. Huko ardhi imesimama kama ukuta. Ng'ombe wa huko hatoki kwenda malishoni kwa sababu malisho hayapo. Anakaa bandani na chakula kinamfuata. Kila asubuhi mtu hushuka korongoni na panga, akakata majani, akafunga mzigo, akapanda nao kichwani. Mtu huyo ni mwanamke. Hilo halikuwa limeandikwa popote, lilikuwa hivyo tu, kama vile moshi unavyotoka jikoni.

Hapo aliishi Naetwe, mke wa Yonazi, mama wa binti mmoja aitwaye Niike. Uzazi wa kwanza wa Niike ulikuwa mgumu. Ilibidi ateremshwe hospitali kwa machela, wanaume wakipokezana mabega, na Naetwe akifuata nyuma. Njiani, Niike alipoacha hata kulia, Naetwe alisema kwa sauti, watu wakisikia, kwamba binti yake akirudi hai atampa Mungu Madoa.

Niike alirudi hai, na mtoto wa kiume mikononi.

Madoa alikuwa mtamba wao, mwenye mimba, mnyama bora kuliko wote waliopata kulala katika banda lile. Yonazi hakuwa bahili, lakini alikuwa binadamu.

"Mama Niike," alisema wakati wa chakula, "hukusema Madoa. Ulisema ng'ombe."

"Nilisema Madoa. Wabeba machela walisikia."

"Mungu angepokea hata beberu."

"Beberu hakutajwa."

Yonazi akaendelea kula. Alimjua mkewe.

Siku ya Sikukuu ya Mavuno watu wakaleta vyao: mikungu ya ndizi, maharage, mayai kwenye makapu, kuku wamefungwa miguu, asali, magimbi. Desturi ilikuwa kwamba baada ya ibada vitu vyote vinatolewa nje na kupigwa mnada, na fedha zinaingia kanisani. Dalali alikuwa Mzee Mshana, ambaye pia ndiye mhazini. Alikuwa na sauti ya kuuzia na ulimi wa kuchokoza. Aliweza kumuuzia mtu yai moja kwa bei ya kuku, na mtu huyo akaondoka anacheka.

Naetwe alipoingia akimvuta Madoa kwa kamba, shada la maua shingoni mwa ng'ombe, watu walisimama. Vigelegele vilipigwa hadi ndege wakaruka kwenye paa. Naetwe, ambaye maisha yake yote alikuwa wa benchi la nyuma, alitembea katikati ya uwanja polepole kuliko ilivyohitajika. Msimlaumu. Siku kama ile haiji mara mbili.

Mzee Mshana akakunja mikono ya shati aanze kunadi. Mchungaji Anaeli, kijana aliyekuwa amehamia hapo karibuni, akamzuia.

"Huyu tusimuuze," alisema. "Abaki, awe mradi wa kanisa. Ataleta maziwa, maziwa yataleta fedha, na fedha zitatujengea mnara wa kengele."

Kengele ya Kwamrindo ilikuwa inaning'inia kwenye mti wa mkaratusi, na watu wa usharika wa jirani walikuwa wanawacheka kwa hilo. Kwa hiyo vigelegele vikapigwa upya. Wanaume wakajenga banda nyuma ya kanisa kabla jua halijazama. Ng'ombe akabadilishwa jina, akaitwa Baraka. Siku hiyo watu walikubaliana juu ya kila kitu: urefu wa mnara, bei ya maziwa, hata mteja wa kwanza, mwenye mgahawa pale barabarani. Hakuna aliyeuliza atakula nini.

Na mwanzoni swali hilo halikuwa na maana, kwa sababu majani yalikuja mengi kupita kiasi. Kila aliyepita na mzigo alipunguza kidogo akatupa kwa Baraka. Watu walimletea hata asivyokula. Mzee mmoja alimletea maua. Baraka akazaa ndama dume, maziwa yakatoka, na kila Jumapili Mzee Mshana akasimama mbele na kutangaza:

"Wiki hii maziwa ya Bwana yametupa mfuko wa saruji."

"Amina," watu walijibu, na wengine waligeuka kumtazama Naetwe. Alifurahi. Kwa nini asifurahi?

Kisha mvua zikaisha. Majani ya karibu yakakauka, na wanawake wakawa wanakwenda mbali kuyatafuta. Mtu akitoka mbali na mzigo, shingo inamuuma, na nyumbani ana ng'ombe wake wanaolia, mkono unakuwa mzito kupunguza. Alipofika kanisani alijiambia kwamba watu wa jumuiya ya Bondeni watakuwa wameleta. Wa Bondeni walijua wa Kilimani wameleta. Wa Kilimani walikuwa na hakika kwamba mke wa mchungaji, anayekaa hatua chache kutoka pale, hawezi kumwacha. Mke wa mchungaji alikuwa na mapacha wanaonyonya na alidhani ng'ombe wa kanisa ana watu wake. Hakuna aliyekuwa mbaya. Kila mmoja alimwachia mwenzake, ndivyo mambo ya wote yanavyokufa.

Maziwa yakapungua. Baraza la wazee likauza ndama, fedha zikanunua mawe ya msingi.

Naetwe aliiona njaa ya ng'ombe kabla ya wengine, kwa sababu alikuwa anaujua mgongo ule tangu ulipokuwa na ukubwa wa mbuzi. Siku za maombi ya wanawake alikuwa anapitia nyuma ya kanisa. Aliona mifupa ya nyonga inaanza kutokeza, akaona hori limelambwa likang'aa. Alimwendea rafiki yake Mama Kiende, ambaye ndiye mke wa Mzee Mshana.

"Mwambie mumeo yule ng'ombe ana njaa."

"Mwambie wewe, nyumbani kwangu kuku wanasikilizwa kuliko mimi," alisema Mama Kiende. Kisha akapunguza sauti. "Lakini shoga yangu, angalia. Watu watasema unamtaka ng'ombe wako."

"Simtaki. Nataka ale."

"Mimi najua. Wao hawajui."

Naetwe hakusema kitu kwa mhazini. Alifanya jambo analolijua: asubuhi moja alipeleka mzigo mzima wa majani kanisani, na Madoa akala huku ametulia, masikio yamelegea. Mzee Mshana akamkuta pale. Jumapili, wakati wa matangazo, akamchokoza mbele za watu kama alivyokuwa anawachokoza wote.

"Tuna mwenzetu mmoja," alisema, "ametoa sadaka lakini hajaiaga. Mama, mkono ukishatoa haurudi kuchungulia."

Kanisa zima likacheka, bila ubaya. Naetwe akacheka pia. Lakini moyoni aliona aibu, na hakupeleka majani tena. Siku za maombi akawa anapita njia ya mbele, ili asione.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hadi Jumapili moja Mzee Mshana aliposimama akiwa na sura ya habari njema.

"Wapendwa, Baraka amechoka. Maziwa yamekauka. Baraza limeona auzwe siku ya gulio, na mchinjaji amekwisha kukubali. Fedha hizo zitatufikisha kwenye madirisha ya mnara."

"Amina," watu walisema.

Naetwe hakusema amina. Alikaa kwenye benchi, ameshika kitabu cha nyimbo kilichofungwa, na wimbo uliofuata ukaimbwa hadi mwisho bila yeye. Alikuwa amempa Mungu ng'ombe kwa ajili ya uhai wa mtoto wake. Sasa ng'ombe huyo anakwenda kuchinjwa si kwa sababu ni mzee wala mgonjwa, bali kwa sababu watu wenye mikono na mapanga wameshindwa kumpa majani. Alijiona kama mtu aliyelipa deni kwa sarafu nzuri, akaiona sarafu imetupwa matopeni.

Nyumbani Yonazi alimwona hali chakula.

"Kilichotolewa kimetolewa," alisema kwa upole.

"Najua."

"Basi kula."

"Kula wewe."

Kesho yake Naetwe alishuka korongoni kama kawaida. Alipopanda na mzigo kichwani, akapita kona ya mgomba wa mwisho, alisimama. Mbele ya banda lake alikuwa amesimama Madoa. Kipande cha kamba kilichotafunwa kilikuwa kinaburuta chini. Ng'ombe alikuwa amekata kamba kwa meno, akatembea njia yote kutoka kanisani, akapita mashamba ya watu, na hakuna aliyethubutu kumfukuza wala kumfunga kwa sababu ni ng'ombe wa Bwana. Alikuwa amekwenda moja kwa moja hadi anapopajua.

Naetwe hakupata nafasi hata ya kutua mzigo. Madoa alimfuata akaanza kuvuta majani pale pale kichwani pake, na Naetwe akasimama wima kama nguzo, ameshika mzigo kwa mikono miwili, hadi shingo iliposhindwa. Ndipo akautua chini, akarudi nyuma, akamwacha ale.

Yonazi alitoka nyumbani, akatazama, akarudi ndani, akatoka tena.

"Mrudishe."

"Ashibe kwanza."

"Mama Niike, nakuomba. Anania na Safira wa kwenye Biblia walikufa kwa kumficha Mungu bei ya shamba, na shamba halina miguu. Wewe unakutwa na ng'ombe mzima uani."

"Sikumleta mimi."

"Nani ataamini?"

Hilo alikuwa na haki ya kuliuliza. Jua lilipoanza kushuka, habari ilikuwa imefika kila nyumba, na kadiri ilivyokuwa inatembea iliota pembe: Naetwe amekwenda usiku, Naetwe amekata kamba kwa kisu, Naetwe anamnyang'anya Mungu. Kabla ya ng'ombe kumaliza mzigo wa pili, ujumbe wa kanisa ulikuwa mlangoni. Mbele alikuwa Mchungaji Anaeli, pembeni yake Mzee Mshana, nyuma wanawake kadhaa waliokuja kusikia, Mama Kiende akiwa miongoni mwao. Jembe lilikuwa bado begani mwake.

Walisalimiana vizuri, kama watu wanaojua kwamba baada ya hapo itakuwa vigumu.

"Mama Niike," alisema Mzee Mshana, "tumekuja kumchukua ng'ombe wa Bwana."

"Karibuni. Kaeni. Ng'ombe wa Bwana bado anakula."

"Ataendelea kula huko."

"Atakula nini?"

Mzee Mshana akamtazama mchungaji, kana kwamba swali limekosea njia.

"Mama, ulitoa mbele ya kanisa zima. Sasa unarudisha mkono?"

"Sijarudisha. Sikumfuata, kaja kwa miguu yake. Kama kuna aliyeuhama usharika ni yeye, muulizeni yeye."

Wanawake wakacheka chini chini. Yonazi alikuwa amesimama mlangoni, anatazama ardhi kama mtu aliyedondosha sindano.

"Si jambo la mzaha," alisema mchungaji. "Watu wanasema unamnyang'anya Mungu."

"Nimesikia. Basi mchungaji, niruhusu niulize jambo moja, nikijibiwa nitamfunga kamba mimi mwenyewe nimlete. Tangu Madoa aingie kwenye banda la kanisa, maziwa yake yamenunua nini?"

"Saruji," alisema Mzee Mshana kwa haraka, kwa sababu hilo alilijua vizuri. "Mawe. Mchanga wa kutoka bondeni, na wapagazi wake. Hakuna hata senti iliyopotea, Mama. Kwa hilo huwezi kunishtaki."

"Sikushtaki, wewe si mwizi. Na katika hayo yote, majani yalitengewa kiasi gani?"

Mzee Mshana akatabasamu, jinsi mtu mzima anavyomtabasamia mtoto.

"Majani? Mama Niike, majani ni bure."

Hapo ndipo Mama Kiende alipolishusha jembe begani.

"Baba Kiende," alisema, "hebu rudia."

"Nimesema majani hayanunuliwi."

"Hayanunuliwi kwa sababu mimi naamka." Hakupaza sauti. "Nyumbani tuna ng'ombe wawili. Majani yao yanatoka wapi?"

"Korongoni."

"Korongo lipi?"

Mzee Mshana akalitaja.

"Lile liliisha majani kabla Kiende hajaolewa. Sasa navuka mto, napanda ng'ambo, nakata, nafunga, narudi. Wewe ukitoka nje unapiga mswaki, unawakuta ng'ombe wanacheua, unasema Bwana ni mwema. Ni mwema kweli. Lakini majani nimeleta mimi."

Safari hii wanawake hawakuzuia kicheko. Mmoja alilazimika kushika nguzo ya banda. Mchungaji Anaeli alikuwa anatazama viatu vyake, kwa sababu na yeye alikuwa na ng'ombe nyumbani kwa mama yake, na hakuwahi kujiuliza nani anamkatia majani.

Mzee Mshana, aliyewachokoza wengine miaka yote, alikuwa hajazoea kuchokozwa na mtu anayelala naye kitanda kimoja.

Lakini mchungaji, ingawa alikuwa kijana, hakuwa mjinga. Alipoinua kichwa alimgeukia Naetwe.

"Mama Niike, siku ulipomleta, wewe ulijua majani ni kazi?"

"Nilijua."

"Ulisema?"

Naetwe akajibu kama alivyomjibu mumewe kuhusu beberu, moja kwa moja.

"Sikusema. Nilidhani kanisa zima haliwezi kushindwa na ng'ombe mmoja. Tena watu walikuwa wanapiga vigelegele, na mimi sijawahi kupigiwa. Nikaona nikitaja majani nitaharibu siku. Hapo nilikosea. Lakini sasa nasema, na mnisikie: ng'ombe wa sadaka naye hula majani. Hashibi kwa sababu ni wa Mungu. Mkimchukua leo bila majani, hamumpelekei Mungu ng'ombe, mnampelekea mchinjaji mifupa."

Madoa akavuta majani mengine, na ikasikika anavyotafuna.

"Na mnara?" aliuliza Mzee Mshana, kwa sauti ndogo kuliko aliyokuja nayo.

"Mnara hauli," alisema Mama Kiende. "Utasubiri."

Mchungaji Anaeli akavuta pumzi. "Mchinjaji aambiwe ng'ombe hauzwi," alisema. "Na huyu abaki hapa kwa Mama Niike hadi baraza litakapoweza kumjibu swali lake. Tukishindwa kulijibu, basi hatustahili ng'ombe."

"Asante, Mchungaji," alisema Naetwe. "Kuna chai."

Wakanywa chai. Mzee Mshana naye alikunywa, na mkewe ndiye aliyemmiminia, na akamuongezea sukari.

Baraza lilikutana, na kwa mara ya kwanza wanawake waliitwa. Kikao kilikuwa kirefu na kilikuwa na maneno, kwa sababu wapo wazee walioona kwamba fedha ya mnara ni takatifu kuliko fedha ya pumba. Mchungaji aliwauliza kama kuna aya inayosema saruji iko karibu na Mungu kuliko majani. Hawakuipata. Mwisho walikubaliana hivi: sehemu ya fedha ya mnara itoke, inunue pumba na chumvi ya mifugo. Kile kipande cha ardhi nyuma ya kanisa, kilichokuwa kinaota magugu tu, kipandwe matete. Na hadi matete yatakapokua, wazee wa baraza wenyewe watakata majani kwa zamu, mmoja mmoja, kwa mikono yao.

Zamu ya kwanza ilikuwa ya Mzee Mshana. Watu wa Kwamrindo waliamka mapema siku hiyo kuliko siku ya Krismasi. Alivuka mto, akapanda ng'ambo, akakata. Kukata aliweza. Kufunga ndiko kulikomshinda. Mzigo ulifunguka kwenye mteremko, ukafunguka tena kwenye daraja, na kwa mara ya mwisho mbele ya mgahawa, ambapo alikuwa na wateja wengi wa kumshauri. Alifika kwa Naetwe na majani yasiyoshibisha hata mbuzi, na mengine yakiwa kwenye nywele. Jioni alimwambia mkewe, "Mama Kiende, ile kamba unaifunga vipi?" Mama Kiende alimwonyesha. Tangu hapo asubuhi nyingine ulikuwa unamwona ng'ambo ya mto hata isipokuwa zamu yake, na wala hakutaka kuulizwa.

Madoa alipopata nyama tena mgongoni, baraza lilituma watu kwa Naetwe kumwambia kwamba jibu lipo. Naetwe hakusita. Alimfunga kamba mpya akaanza kumvuta. Njiani, ng'ombe aligoma. Mzee Mshana, aliyekuwa ametangulia, akageuka akamwita.

"Baraka. Baraka, njoo."

Ng'ombe hata sikio hakugeuza.

"Muite kwa jina lake," alisema Naetwe.

Mzee Mshana akakohoa. "Madoa," alisema.

Madoa akaenda.

Naetwe alimfikisha bandani, akaona hori limejaa, akaona gunia la pumba limeinuliwa juu ya mawe lisipate unyevu. Alimfungua kamba akaiviringisha, akaining'iniza kwenye msumari. Akatoka bila kugeuka nyuma. Jioni ile Yonazi alimwona anakula vizuri, akaomba aongezewe maharage.

Madoa aliishi miaka mingi na alizaa ndama wengi, na mjukuu wa Naetwe alikunywa maziwa yake hadi akawa anakimbia milimani. Mnara ulichelewa. Kwa muda mrefu ulibaki una kimo cha kiuno, watu wakaugeuza mahali pa kukalia baada ya ibada, na kengele ikaendelea kulia kutoka kwenye mkaratusi. Usharika wa jirani waliendelea kucheka. Watu wa Kwamrindo hawakujali tena kama zamani, kwa sababu hata hesabu zao zilikuwa zimebadilika. Zamani Mzee Mshana alikuwa anasoma kilichoingia tu. Sasa alisoma kilichoingia, kisha kilichotumika, kisha kinachohitajika ili vilivyopo visife. Matangazo yalikuwa marefu kidogo, lakini watu walikuwa wanasikiliza, na waliotoa walijua sadaka yao ilikokwenda.

Ndipo siku moja ya mavuno akaja Bwana Elinaja, mzaliwa wa pale aliyefanikiwa kwa biashara huko Moshi. Alileta taa mbili mpya za karabai, zinang'aa, ili watu waweze kuimba na kusali hata giza likiingia. Alizibeba mwenyewe hadi mbele, moja kila mkono. Watu wakasimama. Wanawake wakaweka mikono mdomoni tayari kwa vigelegele.

Mzee Mshana akainua mkono.

"Ndugu Elinaja, Mungu akubariki. Taa ni nzuri sana. Na mafuta?"

Bwana Elinaja akageuka kuona kama swali ni la mtu mwingine.

"Mzee wangu, nimetoa karabai mbili. Kanisa zima litashindwa na mafuta ya taa?"

Naetwe, kwenye benchi lake la nyuma, alijikuta ameshika mkono wa Mama Kiende. Maneno yale aliyajua. Yalikuwa yake, karibu neno kwa neno, ila ng'ombe amekuwa mafuta.

Mzee Mshana hakumcheka mgeni wala hakumchokoza. Alishuka hatua moja, akampokea karabai moja ili mkono wake upumzike, na akamwambia taratibu, kama mtu anayemwonyesha mwenzake namna ya kufunga mzigo:

"Kanisa halitashindwa, ndugu yangu, tukijua leo nani analeta. Tukipiga vigelegele kwanza tutasahau kuuliza. Sisi hapa tulifundishwa, na aliyetufundisha amekaa pale nyuma: ng'ombe wa sadaka naye hula majani."

Bwana Elinaja alifikiri. Kisha akacheka, akasema ataleta debe la mafuta kila anapopanda kutoka Moshi, na kati ya safari na safari kanisa lijazie. Jumuiya ya Bondeni ikasimama ikasema itajazia. Mzee Mshana akarudia majina yao kwa sauti, wote wasikie.

Akageuka kuwatazama wanawake.

"Sasa pigeni," alisema.

Wakapiga, na Naetwe alipiga kuliko wote. Kuanzia hapo, yeyote aliyeleta kitu kanisani Kwamrindo, awe ameleta benchi au ngoma, alipokewa kwa swali hilo kabla ya shukrani, na hakuna aliyekasirika. Wengine walikuja na jibu mkononi. Msemo ukateremka mlima na wachuuzi, ukaenda na mabinti kwa waume zao, ukahamia shuleni na vikaoni, hadi ukafika huku ambako hakuna aliyewahi kumwona Madoa. Ng'ombe wa sadaka naye hula majani.